Mshika Ngazi wa Waandika Mabango

Baba yangu aliingia kazi ya kuandika mabango akiwa na brashi mbili mpya na magoti yasiyopenda kupanda. Habari ya magoti hakuijua mpaka siku ya kwanza, alipoambiwa apande ngazi iliyoegemezwa ukuta wa duka la vitambaa. Kipandio cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Alipofika cha nne, magoti yakaanza kugongana, na brashi ikamponyoka ikaangukia ndani ya kopo la rangi ya buluu.

"Shuka," akaambiwa na mkubwa wa kazi. "Shika ngazi."

Akaishika. Akaishika kwa miaka kumi na tisa.

Walikuwa wanne. Huyo mkubwa waliyemwita Mwalimu alikuwa kweli amefundisha shule ya msingi kabla vumbi la chaki halijamtia kifua. Yeye ndiye aliyechora herufi kwa penseli, na mkono wake ulikuwa na adabu: herufi zilikaa mstarini kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha. Wa pili alikuwa Polepole, mjazaji wa rangi. Ukimsalimia wakati anajaza herufi, alikujibu akishaimaliza. Watu wengine walikuwa wameshaondoka zamani, naye anaitikia, "Salama," kwa ukuta. Wa tatu aliitwa Redio, na sababu ilijulikana kabla hujamfikia. Alitafuta wateja, akapatana nao, na kuwazuia wasije kusema katikati ya kazi kwamba wamebadili mawazo, sasa wanataka kijani.

Wa nne ni Baba, na wao walimwita Nanga.

Kushika ngazi ni hivi: mguu mmoja juu ya kipandio cha chini, mikono miwili pembeni, shingo nyuma, macho juu. Kwa kuwa macho yalikuwa juu siku nzima, Baba alisoma kila kilichoandikwa. Mstari ukipinda, alikohoa mara moja. Herufi ikikosewa, alikohoa mara mbili. Hawakuwahi kukaa kitako kupanga jambo hilo. Lilianza tu, na Mwalimu akikisikia kikohozi alifuta bila kugeuka. Mwenye duka hakujua kitu, akadhani mshika ngazi ana mafua.

Nyumbani Baba hakuwahi kusema "nimeshika ngazi". Alisema "leo tumeandika zahanati," au "tumeandika shule." Mama alimwacha na hiyo "tumeandika" yake. Ila mjomba, kaka yake Mama, hakuwa mtu wa kuacha kitu. Jumapili moja tumekaa sebuleni sote, akasema, "Shemeji, nikuulize bila ubaya. Hiyo kazi ya kushika ngazi, si hata jiwe linaiweza?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka.

"Kaka, kunywa chai yako," Mama akamwambia.

Mjomba akanywa. Chai ya Baba ilipoa hivyo hivyo mezani, haikuguswa.

Kesho yake walikuwa na kazi kwenye duka la matairi. Ukuta ulikuwa mrefu, wakaazima ngazi ya pili na kuizuia miguuni kwa gunia la mchanga. Kabla Mwalimu hajachonga penseli, Baba akasema, "Leo napanda."

Mwalimu akamtazama magoti kwanza, kisha uso. "Yamepona lini?"

"Yamepona."

"Basi ngazi nashika mimi," akadakia Redio. "Kwani kushika ngazi kunataka cheti?"

Mwalimu akachora. Redio huko chini alikuwa anasimulia kisa cha jamaa aliyekwenda kuposa akakosea nyumba, akalishwa, akaangaliwa vizuri, mpaka alipotaja jina la binti ndipo akaonyeshwa mlango. Mwalimu alicheka na penseli mkononi; Baba alikuwa pembeni anakoroga rangi, macho kwenye kopo. Alipomaliza, Polepole akapanda ngazi ya gunia aanze kujaza kutoka kushoto. Baba akapanda ya Redio aanze kutoka kulia, herufi ya mwisho kabisa, E.

Alivyonihadithia mwenyewe, hiyo E aliijaza macho yamefumbwa nusu. Miguu miwili ya kwanza ilitoka safi. Hapo ng'ambo ya barabara mama mmoja akafungua kufuli la chumba kipya cha biashara, na Redio akanusa mteja. Akaiacha ngazi na kuvuka.

Ngazi ikateleza kidogo, pengine upana wa kidole. Kwa Baba ilikuwa dunia nzima. Akaukumbatia ukuta, shavu likagandamana na rangi nyekundu mbichi, na hapo akaganda. Mwalimu alikuja mbio kushika ngazi, akimsihi ashuke. Baba alisikia lakini miguu haikusikia.

Polepole akashuka kwake, akaja akapanda nyuma yake mpaka alipoweza kumfikia visigino. Mtu asiyeongea siku hiyo aliongea.

"Nimekushika mguu wa kushoto, Nanga. Huu hapa. Nauteremsha mimi, wewe usifanye kitu. Haya. Pumua. Sasa wa kulia. Tuna siku nzima, hatukimbizwi na mtu."

Wakashuka hivyo, kipandio baada ya kipandio, kama watu wanaoteremsha kabati la vyombo.

Baba alipokanyaga ardhi aliegemea ngazi, akarudisha shingo nyuma kwa mazoea, akatazama juu. Akakohoa mara mbili.

Mwalimu akainua macho. Ukutani, kwa herufi za kupendeza, chache zimejazwa na nyingi bado za penseli, paliandikwa: TUNAUZA MATAJIRI YA AINA ZOTE.

Mwenye duka naye alikuwa ametoka kuona kelele ni za nini. Akasoma taratibu kwa kidole. "Mnauza nani?"

Redio, aliyekuwa anarudi anahema, alisoma, akasema, "Mzee, usiogope. Wewe tutakuuza wa mwisho."

Mwenye duka alicheka kwanza, akakasirika baadaye, ndiyo iliyokuwa bahati yao. Mwalimu aliifuta J kwa kitambaa na mafuta ya taa, akasogeza herufi zilizobaki, na kazi ikaanza karibu upya. Baba akarudi kwenye nafasi yake bila kuambiwa. Mwalimu akachora kwa muda, halafu akasema bila kugeuka:

"Mimi huku pua yangu iko ukutani. Hiyo J niliiona, tena ilikuwa nzuri sana. Neno sikuliona. Neno unaliona wewe. Usinifanyie hivi tena, ndugu yangu."

Jioni Mama alimfuta shavu kwa mafuta ya kupikia, E ikagoma kutoka kwa siku mbili. Baba alikwenda nayo kazini, akaja nayo, na mjomba alipoiona akauliza ni nini. "Ni kazi," Baba akasema, akamimina chai, akainywa ikiwa ya moto.

Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mtu alichagua maandishi asubuhi, mchana bango linaning'inia. Hawakugombana, hawakuagana hata. Kazi zilipungua tu, kama maji kwenye pipa linalovuja. Redio alipata kazi ya kuuza simu, na wanasema alimuuzia simu hata mtu aliyeingia kuuliza njia. Polepole alikwenda gereji kupaka magari rangi, na wenye magari wakajifunza subira. Baba akawa mlinzi wa stoo ya mbao. Mwalimu akaanza kupoteza macho.

Kila Jumamosi Baba alikwenda kumchukua kwake. Mwalimu aliweka mkono juu ya bega lake na wakazunguka mitaa, Baba akimsomea walichowahi kuandika. Mara moja nilikwenda nao. Baba alisema, "Shule. Ipo yote, ila L imechubuka mguu." Mwalimu akatikisa kichwa kama daktari. "Kinyozi. Imefifia, inasomeka." Hivyo hivyo, ukuta kwa ukuta.

Tukafika lilipokuwa duka la matairi; sasa ni duka la dawa. Baba alisimama.

"Vipi hapo?" Mwalimu akauliza.

"Wamepaka nyeupe juu yake."

Nilimwona Mwalimu akitafuna midomo. Kisha akauliza, "Wamepaka vizuri?"

Baba akarudisha shingo nyuma, akaukagua ukuta kutoka kona hadi kona. "Hapana. Michirizi mitupu."

"Hawakuwa na mtu wa kuwaambia," Mwalimu akasema.

Wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka dada mmoja wa duka hilo la dawa akatoka na koti lake jeupe kutuuliza kama wazee wako salama, na kama wangependa kukaa. Wakasema wangependa. Akaleta viti viwili, akaviweka kivulini, chini ya ule ukuta.