Mkaza mjomba aliifukiza udi mandolini ya babu

Admini, jina langu lifiche kabisa. Sema niko Mtopanga, basi, maana humu ndani wamo jamaa zangu wanaosoma kila kitu kimyakimya. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu. Kusema mbele za watu siwezi. Hata darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo lakini sauti haitoki. Ndiyo maana naandika. Na nikisema nina chuki, msinione mtoto mbaya, someni mpaka mwisho kwanza.

Mimi na mamangu tunakaa kwa mjomba, kakake mama. Nyumba ilikuwa ya marehemu babu, sasa mwenye kauli ni mjomba, na mwenye kauli zaidi ni mkewe. Babu alikuwa akipiga mandolini kwenye taarabu tangu ujana wake. Ni ya zamani sana, mgongo wake umevimba kama tikiti, umeundwa kwa vibanzi vyembamba vya mbao vilivyogandishwa kimoja kimoja. Kabla hajafa alimwambia mjomba mbele yangu, "Hii ni ya huyu, maana ndiye mwenye mkono mpole." Alinifundisha kuipiga, na zaidi alinifundisha kuitunza: nikimaliza nilegeze nyuzi, nifute jasho kwa kitambaa kikavu, nisiipake mafuta yoyote, na nisiiweke karibu na moto wala juani, kwa sababu gundi yake ni ya kizamani, ikipata joto inalainika. Mimi huipiga mlango umefungwa. Mkaza mjomba akipita lazima aseme. "Hilo sanduku la panya bado linalia?" Au, "Mwana wa kike na ala za wanaume, nani atakuoa wewe?"

Wiki iliyopita mpwa wa huyo mkaza mjomba aliolewa. Mjomba ana kikundi chao cha muziki wa harusi, akaniomba mandolini ikae jukwaani, ionekane kwenye video. Nikakubali, nikamwomba niilete mwenyewe jioni. Nikaenda tuisheni. Nyinyi watu wa pwani mnajua, kitu kikienda harusini lazima kinukie. Mkaza mjomba alikuwa akifukiza nguo zake, chetezo kimejaa makaa na udi, kitunga kimefunikwa juu, kanga zimetandazwa. Akaingia chumbani kwetu, akaichukua mandolini, akailaza juu ya kile kitunga, mgongo chini, akaifunika na kanga zake. Eti isiende kunuka uzee mbele ya wakwe. Kisha akaenda kupakwa hina.

Niliporudi ilikuwa mezani. Mgongo umefunguka, vibanzi vimeachana kama vidole. Mkaza mjomba ananiangalia, hina mikononi, akasema, "Kumbe ilikuwa imeshakufa zamani, mwatunza maiti."

Hapo ningemsamehe wallahi, kwa kuwa hakujua. Lakini mjomba alipoingia akauliza, "Nani amefanya hivi?" na kabla sijafungua mdomo, mkewe akajibu, "Muulize mwanao. Nimemwona kwa macho yangu akiiangusha mlangoni." Mjomba akanigeukia. "Kweli, mama?" Yeye huniita mama, kwa kuwa nina jina la mamake. Sauti ikakwama. Akangoja, akangoja, kisha akasema, "Kitu cha babangu. Ungenipiga kofi ningeumia kidogo." Tangu siku hiyo salamu yangu haitikii. Nasema shikamoo, anatazama simu.

Na mamangu aliona yote. Alikuwa jikoni, ndiye aliyewasha yale makaa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanishika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Yule mwanamke tukimuaibisha, kesho tuko nje na mabegi yetu."

Sasa mkaza mjomba amepata wazo. Amemwita fundi wa milango aje Jumamosi aipige skrubu, aipake vanishi, itundikwe sebuleni iwe pambo. Mjomba amekubali, kwa hasira tu. Nilimtumia picha fundi wa ala za muziki wa mjini, akanijibu kwamba inarudi na italia tena, mradi isiguswe na msumari wala gundi nyingine. Ikitobolewa basi.

Ushahidi ninao. Mandolini yenyewe inanuka udi ndani tumboni, ule ule anaouchanganya mwenyewe, ambao mjomba anaujua kuliko mtu yeyote. Ni kumwambia tu, "Mjomba, hebu inuse." Maneno matatu. Jana yule mwanamke alinipita koridoni akacheka, "Jumamosi tutakupambia maiti yako." Nilitamani kumtemea mate. Sijawahi kumchukia mtu hivi, mpaka chakula chake kinanipalia.

Nikisema, mjomba atajua mkewe ni mwongo, na mamangu huenda akalala nje kwa ajili yangu. Nikinyamaza, babu anatobolewa skrubu na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua. Niambieni, jamani, kabla ya Jumamosi: nimpe mjomba ainuse au nisimpe? Ila wa kuniambia nisamehe, naomba apite. Hilo sijauliza.