Mahali na Mahari

Sikiliza, rafiki yangu. Juzi niliona vijana wa bendi wakifanya mazoezi Makindye, nikamkumbuka dada yangu Furaha. Tulikuwa wakimbizi kutoka Kongo, naye akiitungia nyimbo bendi ya vijana wa kanisa letu, Kisugu. Alasiri moja kanisa lilinuka mbao mbichi. Mwimbaji wao, Mganda, alijaribu wimbo mpya wa Furaha, "Natafuta mahali." Ulimi wake ukatoa, "Natafuta mahari."

"We Furaha, unataka ng'ombe wangapi?" akauliza mpiga ngoma, wote wakaangua kicheko. Mimi, mtoto bado, nikashangilia, nikidhani dada anaolewa. Sasa najua alikuwa akitafuta pa kuita kwetu. Alikunja karatasi yake, asitunge tena.

Mtu akikuletea wimbo wake, sikiliza mpaka mwisho kabla hujacheka.