Nyama ya Mbuzi Juu ya Kitanda cha Kuzalia

Barua hii imetufikia kwa posta kutoka upande wa Kisumu. Jina la mama huyu na la kijiji chake tunabaki nayo sisi. Majina mengine tumeyabadilisha. Msome polepole.

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka ishirini na nne. Nina watoto watatu na mimba ya miezi sita. Nimeolewa kando ya ziwa, mahali ambapo ukiugua unangoja lori la samaki likupeleke Kisumu. Mtoto wangu wa tatu nilimzaa nyumbani, nikatoka damu siku mbili, nikapelekwa kwa lori hilo nikiwa nimelazwa juu ya magunia ya omena, dagaa wa ziwa letu. Tangu wakati ule, mwanamke akishikwa na uchungu karibu nami, ni mimi ninayetetemeka.

Kwa hiyo Harambee ya zahanati ilipoanza, sikuitwa mara mbili. Sisi akina mama tulibeba mchanga kutoka ufuoni, mtoto mgongoni, karai kichwani, miezi mingi. Na kwa kuwa nilifika darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka, nikafanywa karani wa kamati, mwanamke peke yangu kati ya wazee saba. Mwenyekiti ni baba mkwe wangu. Hapo ndipo nimefungwa, maana kwetu mke wa mwana hamjibu baba wa mumewe hata nyumbani, sembuse mbele za watu.

Zahanati ikasimama. Kitanda cha kuzalia kilipofika kutoka Kisumu tulikiimbia kutoka barabarani mpaka mlangoni. Shuka nyeupe niliitafuta mwenyewe sokoni Kibuye, huko Kisumu, nikakitandika kama ninayemngoja mgeni. Tukaambiwa baraza la kaunti litatuletea mkunga. Mlango ukatiwa kufuli, ufunguo akakaa nao baba mkwe, eti watoto wasiingie kuchafua.

Mwezi uliopita kamati ilikutana humo. Wakachinja mbuzi, kwa sababu kamati yetu haijui kukutana bila mbuzi. Mimi nilikuwa nyuma nasonga ugali. Nilipoingia nao, nusura sinia liniponyoke. Nyama yote ilikuwa juu ya kitanda cha kuzalia. Mbavu huku, maini kule, na utumbo unaning'inia pale mama anapowekea miguu. Shuka yangu walikuwa wameifanya kitambaa cha kufutia mikono. Mzee Odongo, naibu wa mwenyekiti, alikuwa anakatakata kwa panga.

"Wazee, hapa?" nikauliza.

"Hapa ni juu, Nyar Alego," akanijibu, akiniita binti wa Alego, kwetu nilikozaliwa. "Mbwa hawafiki."

Wakacheka. Hata baba mkwe alicheka.

Hawajaanza kula, Auma akaletwa. Auma ni jirani yangu, mke wa mvuvi. Mama mkwe wake alikuwa amemshika kiunoni, maji yameshamwagika njiani. Auma alikuwa amesikia mlango uko wazi akadhani mkunga amefika. Niliwaambia wazee waondoe nyama, mkunga hayuko lakini angalau alale ndani, kwenye saruji tuliyoibebea mchanga.

Baba mkwe akasema, "Mwambie apumzike hapo nje kidogo. Tumebakiza ajenda moja."

Mzee Odongo akaongeza, "Asukume polepole. Akingoja kidogo atapata supu."

Auma alizalia kwenye nyasi nyuma ya ukuta. Tulimzungushia leso, mimi nikamshika kichwa, na kupitia dirishani nilikuwa nawasikia wakivunja mifupa wafyonze uboho. Mtoto wa kike, Mungu akamwacha hai. Lakini Auma mpaka leo hatembei vizuri.

Nilirudi ndani na damu ya Auma mikononi. Baba mkwe akanisogezea kitabu cha kamati. "Andika: mama wa kwanza amejifungua salama katika zahanati yetu."

"Baba, amejifungulia kwenye nyasi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu tangu niolewe. Kisha Mzee Odongo, mdomo unang'aa mafuta, akaniuliza, "Na nyasi za zahanati ni za nani?"

Sikuandika. Lakini Ijumaa ijayo wageni wa baraza la kaunti wanakuja. Wakikuta mahali panatumika, mkunga analetwa. Wakikuta hapatumiki, anapelekwa kwingine. Auma aliombwa alale pale na mtoto wake, akakataa: "Nikilala pale nitawaambia nilichokiona." Basi wamenigeukia mimi. Nioshe kitanda, nilale na tumbo hili kama mgonjwa wa zahanati, na kitabu kiwe kimejazwa.

Mume wangu ni mtu mpole, ila naye ananiambia, "Lala tu siku moja, Mama Akinyi, upate mkunga. Ama unataka kurudi juu ya omena?"

Nimekisugua kitanda kwa majivu, sabuni na maji ya moto. Harufu haitoki. Nilitapika mlangoni, na haikuwa mimba. Jana Auma alikuja kwangu akinyonyesha, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyar Alego, umeandika mtoto wangu amezaliwa wapi?" Nikajifanya napuliza moto.

Nikisema ukweli, mkunga atakwenda kwingine, na baada ya miezi mitatu ni mimi nitakayekuwa kwenye nyasi, labda nisiamke. Nikidanganya, mkunga atakuja, lakini ufunguo utabaki kwa watu waliomwambia Auma asukume polepole.

Msiniambie nivumilie, hiyo kazi naijua. Ninyi mliozaa, na ninyi wanaume mliozaliwa na mama, nipeni neno kabla ya Ijumaa: wageni wakifungua mlango ule, wanikute nimelala au nimesimama?