Mpira kati ya Shafti Mbili

Yale niliyoyasikia nawaachia walioyasema. Hapa naandika niliyoyaona. Leo, harufu ya mpira ulioungua hapa Tunduma imenirejesha kwenye mashine ya baba ya kusaga mahindi, kule Igamba. Mpira uliounganisha shafti ya injini, yaani chuma chake kinachozunguka, na ile ya kinu ulikatika kwa mara ya tatu, na baba akamshuku mwendeshaji wake, yaani mjomba wangu, kwamba anaukata.

“Shemeji, kisu chako kiko wapi?”

“Kwa dada yangu, kinamenya viazi. Nenda ukakihoji.”

Waliopanga foleni walicheka. Baba akamwamuru aondoke, asirudi.

Kabla ya kuondoka, mjomba aliazima rula yangu ya shule, akailaza juu ya visahani vya chuma vilivyobana mpira pande zote mbili, akaniambia nichungulie.

Niliona mwanga chini ya rula, upande wa injini. Shafti hazikulingana, hivyo zilipozunguka ziliutafuna mpira. Injini ile baba aliifunga mwenyewe, kwa kukadiria. Nilimwambia baba nilichokiona.

Alipiga magoti, akachungulia kwa muda mrefu. Husemwa kwamba alimwomba mjomba radhi; mimi sikusikia neno hilo. Nilimwona akilegeza boliti za injini, kisha akamwambia shemeji yake, “Sukuma huku.”