Matone ya Moyo na Pazia ya Mama-mukwe

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka ngozi inanisimama, hata kama ilikuwa muchana na jua kali. Nakuandikia wewe juu unataka kufungua farmasi yako pale Kampemba. Masomo yako inapita yangu. Mimi nilisoma myaka tatu tu, na ule mwalimu alinipiga zaidi ya kunifundisha. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi.

Ilikuwa wakati wa Babelgiji, muji ingali inaitwa Élisabethville. Nilikuwa mupya mu ndoa. Bibi yangu, Ngoie, alileta mama yake tumulinde, juu miguu ilikuwa imemuvimba, na pumzi ilikuwa inamukatika hata akitoka tu ku kitanda kwenda ku mulango. Munganga wa lopitali alisema moyo yake imechoka, akaandika dawa ya matone.

Sasa elewa desturi yetu. Muntu na mama-mukwe yake habaonane uso. Ukimukuta mu njira unatoka pembeni, unageuza kichwa, na ukivunja ile mwiko unamulipa kuku. Mu nyumba yetu ya vyumba mbili tulitundika pazia: yeye kule, mimi huku. Nilimujua kwa kikohozi. Usizanie ilikuwa chuki, hapana. Ile kukimbiana njo heshima yenyewe.

Ku farmasi ya mu ville, kule kwa bazungu, sisi bantu beusi tulikuwa tunapokea dawa ku kadirisha ya nyuma. Pale alikuwa anakaa Baba Ramazani, muzee wa Maniema, kofia nyeupe, mwenye kupima dawa na kuelezea bantu. Alikuwa na kinga moja ya zamani, ni kusema baiskeli, lakini kila mara alikuwa anaisukuma kwa mukono. Alisema inamuzuia kuanguka. Aliniambia: matone kumi asubuyi, siku tano, siku mbili anapumuzika, kisha anaanza tena. Chumvi aiache. Na kama anatapika, ao anakataa chakula, ao macho inaona rangi ya ajabu, musimupe tena hata tone moja, muje mbio. Akataka nirudilie. Nikarudilia yote, sawa kasuku.

Kosa yangu ilianzia mu njira. Nitasema je mbele ya bibi yangu habari ya matapiko ya mama yake, ya miguu yake, ya mukojo yake? Kwetu mukwe hatajake mwili ya mama-mukwe. Nikafupisha. Nikamuambia Ngoie matone kumi kila siku, basi. Haya ilimeza ile ingine yote. Mwanangu, njia fupi ya maneno inaweza kufika ku makaburi.

Juma ya kwanza alipata nafuu, tulimusikia anaimba. Kisha sahani ilianza kurudi yenye kujaa, na kule nyuma ya pazia nilisikia anatapika. Nilirudi kuchukua chupa ya pili. Baba Ramazani akauliza kama ninamuona mimi mwenyewe. Nikasema ndiyo, kila siku. Anakula? Anakula. Uso yake? Muzuri. Niliapa juu ya uso ile sikuiona hata siku moja. Muficha maradhi, kilio kitamuumbua. Na mimi nilificha maradhi ya mwengine.

Kisha ile mambo ikaanza. Saa sita ya muchana, bati inalia na joto, nilikuwa nakula. Mama-mukwe akasema nyuma ya pazia, polepole, sawa muntu mwenye kupokea bageni: "Karibuni, mukae. Nani amewapaka mawese hivi?"

Hakukuwa muntu. Ngoie alikuwa inje anafua. Tonge ya bukari ilinibakia mu mukono.

Kesho yake akauliza juu ya nini tumepaka ukuta manjano. Akasema jua iko na duara, taa iko na duara, na kila muntu anasimama mu duara yake. Iko mmoja, alisema, anasimama ku kona, hasemi kintu, anangojea. Majirani bakaanza kupita mbali na mulango yetu. Bengine balisema bulozi, bengine balisema bafu bake, jamaa yake benye kukufa zamani, bamekuja kumuchukua. Ngoie akaniuliza kama tuongeze matone. Na mimi, sitakudanganya, nilisema ndiyo, tano zaidi.

Basi chupa ikaisha mbele ya siku yake. Nikarudi ku kadirisha. Baba Ramazani akaiangalia, akahesabu siku ku vidole, akauliza tena. Nikaanza kusema muzuri, halafu neno ya manjano na ya bafu ikanitoka yenyewe. Alisimama. Hakupandisha sauti.

"Hiyo manjano uliiona mu macho yake?"

"Baba, ule ni mama-mukwe yangu. Siko namuona."

"Kumbe majuma yote haya unaniletea habari ya pazia," akasema. "Ile si bafu, mutoto. Ni dawa yangu, imejaa mu damu yake mpaka mu macho. Heshima ya kumuzika unayo, ya kumuangalia unakosa? Enda, fungua ile pazia wewe mwenyewe, umupeleke lopitali. Kama iko kuku ya kulipa, utailipa akiwa muzima."

Nilikimbia toka ville mpaka kwetu ku cité. Ngoie alikuwa ku robine, anateka maji. Nilisimama mbele ya pazia, mukono inakataa. Nikaivuta.

Alikuwa mudogo kuliko kikohozi yake. Hakujificha, hakugeuza kichwa. Aliniangalia toka juu mpaka chini, akasema bila woga: "Mukwe yangu haingiake hapa akiwa muzima. Kama uko hapa, mmoja wetu amekufa."

Nilitaka kugeuka niangalie ku kona. Sikuangalia. Nikamuambia, "Mama, tuko bazima bote babili," nikamubeba ku mugongo. Njia yote nilisikia moyo yake ku mifupa yangu: inapiga mara moja, inanyamaza, inapiga, inanyamaza murefu zaidi. Kila hatua sikujua nabeba mama ao nabeba mufu.

Ku lopitali balisimamisha matone. Manjano ilimutoka kidogo kidogo. Kisha akarudilia dawa kwa kipimo ya kweli, na siku zake za kupumuzika, akaishi myaka, akashika bajukuu mu mikono. Nililipa kuku mbili na kitambaa, pazia ikaondoka. Siku moja nilimuuliza habari ya ule wa ku kona. Alisema ule njo alikuwa wa mwisho kuenda. Mimi sijui, nakuandikia ile nilisikia.

Sasa shika hii. Muntu akikuja kuchukulia mwengine dawa ya moyo ao ya tansio, ile presha ya damu, usitosheke na "anaendelea muzuri". Muulize kama anamuona kwa macho yake, na nani anapima ile dawa ku nyumba. Arudilie maneno yako, kisha muulize neno gani atasikia haya kuisema kule. Ile njo umuandikie ku karatasi, ao umuite bibi, binti, yeyote asiye na haya ile. Tansio haiumi, kwa hiyo mugonjwa atasema amepona: mukataze kuacha dawa, kuiongeza, kuigawia jirani. Umukumbushe chumvi, zaidi ile ya samaki ya kukauka. Na ule aliyetumwa, umukalishe, umupime tansio naye, juu mwenye kulinda mugonjwa hakuna mwenye kumulinda.

Mungu akupatie sikio ya subira na mukono ya kipimo, mwanangu. Bantu bafike kwako ku miguu yabo, na ku miguu yabo barudi ku nyumba. Amina.