Mzee wa kijiwe cha kahawa aliyegoma kutoka mtaroni mbele ya mlango wangu

Wakuu, kwema huko? Ninachosimulia sijakitia chumvi. Mtaro wenyewe bado upo, mwenye shaka aje Tabora auone kwa macho yake.

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja nikiwa nafua. Nilisikia kimya. Wenye watoto wadogo mnanielewa, kelele si tatizo, kimya ndiyo balaa.

Nikatoka mbio. Mwanangu, ndiyo kwanza anajua kutembea, yumo mtaroni. Matope hadi kifuani, mdomo wazi, sauti haitoki.

Mtaro huo walichimba mafundi wa barabara mbele ya nyumba zetu, wakaondoka. Hakuna mfuniko, hakuna hata kamba. Mwenyekiti wa mtaa nimemfuata mpaka mkewe ananijua kwa mlio wa ndala zangu. Jibu ni lilelile: suala lako linashughulikiwa, mama.

Nikamtoa mtoto, nikamwosha, nikamfunga mgongoni, nikaenda ofisini kwake na povu la sabuni bado liko mikononi.

Kufuli.

Pembeni ya ofisi kuna kijiwe cha kahawa. Wazee wa mjini, vikombe vidogo, birika juu ya mkaa, kashata kwenye sinia. Sisi wanawake huwa tunapita tu. Siku hiyo sikupita. Nilisimama katikati yao nikauliza mwenyekiti wao kajificha wapi, nikamwaga na habari yote ya mtaro. Hata shikamoo sikutoa. (Mama yangu kule Lusu akisoma hapa nimekwisha.)

Wote wakainamia vikombe, isipokuwa mzee mmoja mgeni, mwembamba, kanzu ya kijivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake, akasema:

"Wewe si Mnyamwezi? Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka kwetu pwani, hawakulia. Wewe kamtaro kamoja tu kamekushinda kubeba?"

Wakuu, nililipuka. Nilimwambia mzee mzima hana haya, meno yamemwisha ulimi ndiyo kwanza unaota. Na mengine siyaandiki, humu kuna watoto.

Yeye anatabasamu tu kama vile namsifia.

Muuza kahawa akanivuta kanga. "Dada, huyo Mzaramo. Katoka Kisarawe, kaja kumwona binti yake aliyeolewa hapa."

Nikanywea.

Kwa vijana mliolelewa na simu: Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wapagazi wetu wakifika pwani walipokelewa kwao, na aliyefia huko wao ndio walimzika. Kwa hiyo Mzaramo ana ruhusa ya kunitukana hata kwenye msiba wa baba yangu. Nikinuna, mwenye kosa ni mimi. Na mimi nilikuwa nimenuna mbele ya kijiwe kizima.

Nikapiga goti, shikamoo babu.

"Marahaba ya kuchelewa hiyo, mke wangu. Kaa unywe." Kisha akauliza mwenyekiti ni kabila gani. Wakamwambia Mnyamwezi.

Akaweka kikombe chini. "Basi huyo ni wangu."

Alikuja mpaka kwetu, akapandisha kanzu, akashuka mtaroni na kigoda, akakaa. Akatuma ujumbe: mwambieni mtani wangu nimekufa kwenye mtaro wake, aje anizike au anikomboe.

Msibani mtani huingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Hilo kila mtu analijua. Ila mtaroni mimi nilikuwa sijawahi kuona. Mtaa mzima ulitoka. Wazee wa kijiwe wakahamia kwangu na birika lao, marehemu anapokezwa kahawa humohumo shimoni. Mwanangu anamwonyesha kidole na kucheka. Na mimi, niliyetoka nyumbani nikitaka kumng'ata mtu, nimeshika mbavu.

Mwenyekiti akatokea juu ya bodaboda. Kumbe hakuwa mbali. Alikuja amevimba, lakini alipoambiwa yule ni nani, uso wote ukalegea. Atamkasirikiaje mtani?

"Mzee, toka basi."

"Maiti haitoki bure. Nataka mbao."

"Mbao za nini?"

"Za jeneza. Jeneza likikushinda, zifunikie mtaro hapa kwa mke wangu."

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi. Kabla ya adhuhuri mbao zilikuwa mlangoni kwangu. Zilitoka wapi? Nyuma ya ofisi yake. Zilikuwa hapo siku zote!

Zilipofunika mlango wangu mzee alishatoka mtaroni; nikamletea maji anawe miguu, nikaanza kumshukuru. Akanikatisha. "Mimi keshokutwa napanda treni, na mtaro uliobaki ni mrefu. Kuandika unajua, au kwenu mlifundishwa kubeba tu?"

Safari hii sikununa. Nilichukua kalamu.

Nilichojifunza: hasira yangu ilinifikisha kwenye kufuli. Kicheko cha mzee yule kilimtoa mtu mafichoni. Lakini mwenyekiti akishamaliza kucheka atasahau, kwa hiyo barua yenye muhuri ni lazima. Nanyi mwageni visa vya watani wenu hapa chini, na Wazaramo mliomo humu njooni mnitukane, nimeshaiva.

Malalamiko niliyoyapeleka ofisi ya kata, yakagongwa muhuri nikiangalia, ni haya:

"Mimi ni mama mkazi wa mtaa huu. Mtaro uliochimbwa mbele ya nyumba zetu uliachwa wazi na mwanangu ametumbukia. Mlangoni kwangu pamefunikwa kwa mbao alizodai mzee mgeni akiwa amekaa ndani ya mtaro huo. Sehemu iliyobaki inapita kwenye milango ya majirani zangu, nao wana watoto. Naomba ifunikwe yote kabla ya mvua, na naomba nijibiwe kwa maandishi. Nisipojibiwa, mzee ameahidi kurudi, na safari hiyo atakuja na ukoo wake wote."