Bunduki ya Ukoo kwa Jina Langu

Mjomba wangu alikuwa na tabia moja iliyoniudhi tangu utotoni: jambo akishaliamua, ndipo anakuita mshauriane. Kwa hiyo aliponitumia ujumbe kwamba nifike Mlali Jumapili baada ya misa, kuna ushauri wa kununua bunduki, nilijua bunduki imekwisha kununuliwa kichwani mwake na mimi naitwa kubebeshwa kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na nilikuwa na haraka. Kiwanda cha nguo cha Morogoro nilichokifanyia kazi ya ufundi wa mitambo kilikuwa kinakata roho. Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, na watu waliozoea kuvaa vitambaa vyetu sasa walivaa mashati ya Ulaya yenye maandishi wasiyoyajua maana. Tulipunguzwa kazini fungu kwa fungu. Fungu langu lilipofika sikusikitika sana, kwa sababu mwenye malori mmoja wa pale mjini alikuwa amekwisha kuniahidi kazi. Malori yake yalipeleka mizigo Zambia, naye alitaka fundi wa kusafiri na gari, mtu anayeweza kufungua injini porini na kuifunga tena ikawaka. "Kiti chako kipo," aliniambia. "Ukiwa tayari njoo." Nilikipenda kile kiti kuliko nilivyopata kumpenda msichana yeyote. Nilikuwa sijawahi kufika hata Iringa.

Tulikaa uani kwa mama, mjomba, mimi, na wazee wawili wa ukoo ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Habari yenyewe ilikuwa nguruwe pori. Mama alilima mahindi na maharage kwenye mteremko juu ya Mlali, shamba la ukoo, lililotoka kwa bibi yake likaja kwa mama yake, likaja kwake. Nguruwe walishuka msituni kila mahindi yalipoanza kubeba, na mama, pamoja na umri wake, alikuwa akilala shambani juu ya dungu akipiga debe ili kuwafukuza. Gobole la mjomba lilikuwa limepasuka mtutu miaka mingi iliyopita, na kwa bahati halikumng'oa jicho.

"Siku hizi mtu binafsi anaruhusiwa kununua bunduki ya kisasa," alisema mjomba. "Ukoo umekwisha kuchanga. Kibali kitaandikwa jina lako, mjomba."

"Kwa nini lisiandikwe lako?"

Wale wazee wawili walicheka, na mimi mwenyewe nilijua nimeuliza swali la kijinga. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Watoto wa mjomba hawakuwa wa ukoo wetu. Walikuwa wa ukoo wa mkewe. Bunduki ikiandikwa jina la mjomba, siku akifariki wanawe wataipeleka karatasi ya kifo polisi, na serikali, ambayo haijui mambo ya ukoo, itawakabidhi. Mtoto wa dada yake ndiye mtu salama. Kaka yangu alikuwa amehamia Dar es Salaam na hakuonekana hata Krismasi. Ndugu yangu mwingine, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na kesi ya gongo mahakamani. Nilibaki mimi.

"Na mimi nikifa?" nilimuuliza. "Wanangu nao hawatakuwa wa ukoo huu."

"Wewe hujaoa," alisema mjomba. "Acha visingizio."

Nilikubali, na nikiri hapa kwamba nilikubali kwa hila. Nilidhani jina ni jina tu. Nitatia saini, mjomba atakaa na bunduki yake, atapiga nguruwe wake, mimi nitakuwa Tunduma nikinywa chai na madereva. Nikazungushwa na barua: kamati ya kijiji, kata, wilaya. Nikachovya vidole vyote kumi kwenye wino. Kibali cha kununua kilipotoka, mwenye malori aliniambia gari moja linaondoka baada ya wiki mbili na fundi wake wa zamani ameacha kazi. Nilimwambia anihesabu.

Tulikwenda Dar es Salaam, mjomba na mimi, kwenye duka la silaha la mtu binafsi. Muuzaji alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, mpole kama muuza dawa. Mjomba alikwenda moja kwa moja kwenye bunduki kubwa kuliko zote ukutani.

"Hiyo ni ya tembo, mzee wangu," alisema muuzaji. "Kwenu Mlali kuna tembo wangapi?"

"Ikiua tembo, nguruwe itamshindwa?"

"Haitamshindwa. Lakini nyama utaiokota kwa kijiko."

Kisha akatuwekea risasi mbili mezani na kutufundisha. Ile ndogo, alisema, hupigwa ukingoni mwa kitako chake. Hiyo ni ya kanga na ya kuchezea makopo. Ile kubwa hupigwa katikati, hapa penye kiduara, ganda lake ni nene na nguvu yake ni ya kuaminika. Nguruwe anataka hii, tena ya kadiri. Mara akauliza mpigaji ni nani kati yetu. Mjomba akanionesha kwa kidevu, kwa ajili ya kibali tu, nilivyodhani. Muuzaji akaniambia nikunje mkono, akaweka kitako cha bunduki kwenye kiwiko changu na kutazama kidole changu kinafika wapi. Akajaribu ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya tatu ilikuwa na mbao ya rangi ya asali, na kidole kilikaa penyewe kwenye kifyatuo.

"Hii ni yako," alisema. "Mzee wako ana mikono mifupi, itamsumbua."

Nilipoiinua begani nilifurahi, na furaha hiyo iliniaibisha. Mimi ni fundi. Chuma kilichotengenezwa vizuri kinanilainisha. Nilifungua na kufunga lile komeo lake mara nne, tano, likiteleza bila sauti, hadi mjomba akaniambia niache, nitaichakaza.

Mjomba alitaka na darubini ya juu ya mtutu, kama alizoona kwa wawindaji wageni. Muuzaji akamuuliza kwenye msitu wetu mtu anaona hatua ngapi. Ishirini, thelathini. "Basi darubini itawaonesha unywele mmoja," alisema, "na hamtajua kama ni wa nguruwe au wa mbuzi wa jirani." Tukachukua mkanda wa ngozi, mfuko wa turubai, ufito wa kusafishia mtutu na brashi zake, kopo la mafuta, na risasi kadiri kibali kilivyoruhusu. Mwisho muuzaji akagonga kwa vidole kasha refu la chuma lenye kufuli mbili na matundu manne chini. Bila hili, alisema, polisi hawatoi leseni.

Lile kasha ndilo lililonifumbua macho. Tuliporudi Morogoro, ofisa wa silaha, bwana mmoja mnene asiyependa maneno mengi, aliniuliza litafungwa nyumba gani.

"Kwa mjomba, afande. Yeye ndiye atakayeitumia."

"Mjomba ameandikwa wapi hapa?"

Nikaitazama fomu mezani. Jina lilikuwa moja tu, langu.

"Bunduki hii ni ya mtu mmoja," alisema. "Asiyeandikwa haigusi. Ufunguo haushikwi na mama, wala mke, wala mjomba. Ukihama, unakuja hapa tunaanza upya. Ukikutwa umeiacha kwa mtu, wewe na huyo mtu mnalala ndani. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri sana. Nguruwe walikuwa Mlali. Bunduki ingekuwa Mlali. Na mimi, kama kipande kingine cha ile bunduki, ningekuwa Mlali. Nilimkasirikia mjomba, nikawakasirikia nguruwe, nikamkasirikia na yule babu wa zamani aliyeamua kwamba watoto wawe wa mama.

Ilibaki njia moja. Kabla ya leseni kulikuwa na jaribio la shabaha, risasi tatu, na mbili lazima ziingie kwenye duara. Nikikosa, bunduki inabaki kwenye ghala la polisi mpaka ukoo utafute jina jingine, na kabla hawajalipata mimi nimeshavuka mpaka. Niliamua kukosa. Sijapata kuamua jambo kwa moyo mweupe namna ile.

Risasi ya kwanza niliipeleka kwenye udongo, mbali kabisa, vumbi likapanda. Askari waliokaa pembeni wakaangua kicheko.

"Mpeni manati huyo!" mmoja akapiga kelele.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia yake mkononi, na yeye hakucheka. Laiti angecheka. Masikio yalinichemka. Sikumbuki nilichowaza, nakumbuka tu mbao ile shavuni mwangu, na kidole kilichokaa penyewe. Ya pili iliingia ndani ya duara. Ya tatu iliingia karibu kabisa na ya pili. Nikageuka kuwatazama wale askari, nimetunisha kifua kama jogoo, na ilinichukua muda mfupi, labda wa kuvuta pumzi mbili, kutambua nilichojifanyia. Mpaka leo nikikumbuka najiita mpumbavu kwa sauti.

Kasha tulilifunga kwa nati nne kwenye sakafu ya chumba nilichozaliwa. Nilizikaza mwenyewe. Siku ya gari kuondoka nilitembea hadi barabara ya Iringa na kusimama. Dereva alipunguza mwendo akidhani napanda, nikampungia mkono, akapiga honi akaenda. Kwenye kiti changu alikaa kijana mmoja wa Mazimbu ambaye, nilivyosikia, hakujua hata kubadilisha fani belti.

Nguruwe wa kwanza nilimpata alfajiri moja, ukungu haujaondoka, kwenye mstari wa mwisho wa mahindi. Risasi moja. Mjomba alikuja akikimbia na panga, majirani wakafuata, nyama ikagawanywa juu ya majani ya mgomba. Hata majirani zetu Waislamu wa bondeni walikuja kushukuru, wakisimama mbali na kuziba pua kwa utani. Wote walinishika mkono. Nilijisikia kama mtu anayepongezwa kwenye harusi aliyopangiwa.

Mchana nilikaa jikoni kwa mama nikipitisha ufito kwenye mtutu. Yeye alikuwa anapika ile nyama, ametulia, amelala kitandani kwake usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu mahindi yalipobeba. Uchungu ulinijaa, nikashindwa kuuzuia.

"Mama, kama si hawa nguruwe, saa hizi ningekuwa Lusaka."

Aligeuza nyama, akafunika sufuria, kisha akanigeukia.

"Nguruwe walikuwepo nilipozaliwa," alisema. "Bibi yako alipozaliwa walikuwepo. Tumewapigia debe, tumekula, tumewasomesha ninyi watoto. Bunduki ni mimi niliyemwambia mjomba wako."

"Ulimwambia anunue?"

"Nilimwambia anunue, na nilimwambia aandike jina lako."

"Kwa nini, mama?"

"Kaka yako alikwenda, hakurudi. Na wewe ulikuwa unaondoka."

Hakuona haya kuyasema, wala hakuomba radhi. Akanipakulia, akaweka sahani kwenye kigoda mbele yangu, akaitoa bunduki mikononi mwangu, jambo ambalo sheria ilimkataza, na kuiegemeza ukutani. Nilikuwa na njaa, nikala.